Fainali Niliyoicheza Nikiwa Nimekaa

Katika maisha yangu nimecheza fainali moja tu ya mpira wa kikapu, nayo niliicheza nikiwa nimekaa jukwaani, nimevaa abaya, mguu umefungwa bendeji, nakula katlesi za bibi yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Nizwa, katika nchi ya Waarabu, na nilikuwamo katika timu ya wasichana. Sikuwa mchezaji wa kutisha mtu. Kimo ninacho, lakini mpira ukinifikia mkononi nilikuwa naushangaa kwanza, kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua, na huku nashangaa wenzangu wa upande wa pili wameshauchukua. Kocha wetu alinipenda hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arubaini, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na wazee wake walitoka Unguja kama wa kwetu. Mazoezini alisema Kiarabu na timu nzima, lakini akitaka kunigombeza mimi alihamia kwenye Kiswahili ili wengine wasielewe. "We mtoto, mpira hauumi! Ushike!" Nami nilijiona nimependelewa.

Wiki ya fainali niliteguka kifundo cha mguu. Kocha alinifunga bendeji kwa mikono yake, akanambia nitakwenda Sur na timu ingawa sitacheza. Kisha akaniomba kitambulisho changu cha chuo. "Nakiweka pamoja na vya wenzako, kisipotee." Nikampa, wala sikujiuliza mtu asiyecheza anaandikishiwa nini.

Mechi ilichezwa ndani ya ukumbi wa wanawake watupu. Wanaume walibaki nje, baba yangu akiwamo, wakinywa kahawa kwenye kivuli cha magari yao, na simu za kupiga picha zilikusanywa mlangoni. Kocha alinambia benchi limejaa, nikakae na watu wangu. Basi nikakaa kati ya mama na bibi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Nizwa na bakuli la katlesi magotini, safari nzima, hakukubali liwekwe kwenye buti.

Katika robo ya pili mtangazaji akamtaja mchezaji anayeingia. Akataja jina langu, jina la baba yangu, la babu yangu, na la kabila letu.

Msichana aliyevaa jezi namba saba, jezi yangu, akaingia mbio uwanjani. Nilimjua. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, na hakuna aliyepata kufunga kama yeye pale kwetu. Tulilingana kimo, na mtandio wa michezo ulimbana uso hata kwa mbali ungesema ni mimi. Ila alipopewa mpira hakuushangaa. Aliuweka kikapuni.

Bibi akanigeukia. "Mbona wanakutaja weye, na weye uko hapa unakula?"

"Nyamaza, bibi."

"Sasa huyo nani?"

"Ni mimi, bibi. Nyamaza tu, tafadhali."

Bibi alifikiri kidogo, akaona kama mjukuu wake anasemwa kuwa ndiye, basi ndiye. Kikapu cha pili kilipoingia akapiga kigelegele. Cha tatu akasimama. "Mjukuu wangu huyo kafunga!" Mama alikuwa amejifunika uso kwa viganja, sijui analia au anacheka. Mimi, nasema kweli, nilipiga makofi. Najua nilivyohisi, na sitajifanya vingine: kusikia jina langu likishangiliwa na ukumbi mzima kulikuwa kutamu, na niliendelea kupiga makofi hata baada ya kuelewa jambo lenyewe.

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Sur, ambaye binti yake alikuwa akicheza upande wa pili. Aligeuka kwa adabu, akamuuliza bibi kwa Kiarabu ni yupi huyo mjukuu wake anayefunga hivyo. Bibi, kwa Kiarabu chake cha soko la Darajani, akanigusa bega kwa fahari. "Hadhi," akasema. Yaani, huyu hapa.

Yule mama aliniangalia mimi, akaangalia bendeji, akaangalia namba saba uwanjani. Wakati wa mapumziko alishuka ngazi taratibu mpaka kwenye meza ya waandalizi.

Tulishinda. Kombe tulipewa, tukalipandisha basini, likapata kiti chake karibu na dirisha. Kabla basi halijaondoka, waandalizi wakaja kutuita. Niliulizwa jina nikalitaja, na yule dada naye aliulizwa akalitaja hilo hilo, kwa sauti ndogo. Kombe likateremshwa.

Wiki iliyofuata kocha alifukuzwa. Mimi nilipewa barua ya onyo na mawaidha ya nusu saa, nikaendelea na masomo yangu. Nilimwona kwenye ujia akiwa amebeba kikasha cha vitu vyake. Alinipita. Hakunambia samahani, hata salamu hakunipa, na hilo liliniuma kuliko kombe, maana kombe sikulifanyia kazi yoyote.

Miaka ikapita. Nikaajiriwa katika chuo kingine, Ibra, idara ya wanafunzi, ambako nashughulikia mabweni, malalamiko ya chakula, na michezo ya wasichana. Timu yetu ya kikapu haikuwa na kocha, na kwa kukosa kocha ilikuwa inafungwa na kila mtu. Tukatangaza kazi. Kati ya barua zilizokuja moja ilikuwa yake.

Hakuficha. Aliandika wazi mwisho wa ukurasa wa kwanza kwamba aliwahi kufukuzwa kwa kuchezesha mtu kwa jina la mwengine.

Tulikaa kikao, watu watano. Mkuu wa idara, mtu mpole wa hapa hapa Ibra ambaye husikiliza huku akizungusha tasbihi, alisoma barua kwa sauti. Mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke ambaye namheshimu sana, akawa wa kwanza kusema. "Hapana. Wasichana wanatuangalia. Tukimleta huyu tutakuwa tunawaambia kwamba ukidanganya, subiri tu, watu watasahau."

Mwengine akamjibu kwamba miaka yote hiyo hajashika timu ya chuo, na adhabu lazima iwe na siku ya kwisha. Mwalimu wa hesabu akasema siku ya kwisha anaitia nani? Wale waliodanganywa waliulizwa?

Hapo ikabidi niseme. "Mimi ndiye namba saba."

Tasbihi ya mkuu ikasimama. Nikawahadithia yote, na nilipofika kwenye vigelegele vya bibi, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekaza uso kama amemeza ndimu, alicheka hata akatoa leso kujifuta macho. Lakini alipomaliza kujifuta akasema, "Bado nakataa."

Mkuu akanambia, "Basi nenda kamwone wewe. Ukirudi tutapiga kura."

Nilimpata Nizwa. Alikuwa anafundisha wanawake kuendesha gari. Nilipompigia simu alinambia siku ile ana wanafunzi mfululizo, kama nina haraka nipande kiti cha nyuma tuzungumze njiani. Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye usukani alikaa bibie mmoja wa makamo, mtu wa Pemba, ambaye aliendesha kana kwamba gari limejaa mayai. Mimi nilikaa nyuma, nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, vizuri. Mama kushoto, kushoto, huko ni kulia."

Nilimweleza nilichojia. Akaanza kujibu bila ya kugeuka. Akasema mambo yale yalikuzwa, vyuo vingine vilikuwa vinafanya zaidi, na walimtaka ashinde lakini hawakumpa hata mipira ya kutosha. Nilihisi joto linanipanda. Sikujua kama bado nina hasira.

"Simama!" nikasema.

Nilikuwa namwambia kocha aache maneno hayo. Lakini yule bibie wa Pemba alifuata amri. Alikanyaga breki katikati ya dawari, ule mzunguko wa barabara, magari matatu nyuma yetu yakapiga honi kwa pamoja, na mkoba wangu ukaruka mpaka mbele.

"Si wewe, mama!" tukasema sote wawili.

"Sasa nisimame au nisisimame?" akauliza bibie, jasho linamtoka.

Tulitoka pale kwa dua. Tulipofika mahali pa kuegesha, karibu na soko, kocha alizima gari mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akanigeukia. Alikuwa amezeeka kidogo chini ya macho.

"Nilichukua jina lako," akasema. "Uliniamini ukanipa, nami nikampa mtu mwengine. Kisha nikaona haya kukutazama, nikakupita kama mtu nisiyekujua. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Nisamehe."

Yule bibie alikuwa anatuangalia kwenye kioo. "Msamehe, mwanangu," akasema. "Ana subira sana. Nimeshafeli mtihani mara nne, hajapata kunifokea."

Nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikaona nimeshasamehe. Lakini nilimwambia kweli: kumsamehe ni jambo langu, na kumpa kazi ni jambo la wasichana kumi na wawili ambao hawamjui. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniomba nimsemee.

Jioni nilipita kwa bibi. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamsimulia. Aliacha ungo. "Kumbe bado hana kazi yake? Na miye ndiye niliyemfukuzisha, kwa mdomo wangu huu." Miaka yote hiyo alikuwa amelibeba, na hakuna aliyejua. Nikamwambia hakumfukuzisha mtu, alisema kweli tu. "Basi mpeni kazi," akasema. "Lakini orodha ya majina aandike mtu mwengine."

Nilikwenda kikaoni na shauri la bibi, ingawa sikusema ni la nani. Nikaomba aajiriwe kwa mwaka mmoja. Uandikishaji wa wachezaji niufanye mimi, na yeye asiguse kitambulisho cha mtu. Na siku ya kwanza, kabla ya mpira kudunda, awaambie wasichana mwenyewe alichofanya. Nikaongeza jambo ambalo nililifikiria njia nzima kutoka Nizwa: kwamba angekuwa kocha wa kupiga wasichana au kuwadhalilisha, nisingeifungua hata bahasha yake. Huyo mwache afanye kazi nyingine halali, si lazima arudishiwe watoto wa watu. Lakini aliyedanganya kwa tamaa ya kombe, akakiri, akakubali kuangaliwa, huyo anaweza kujaribiwa tena, ilimradi wa kumjaribu ni wale wanaojua alichofanya. Wale wasiojua watakuwa wanadanganywa mara ya pili.

Kura zikawa tatu kwa mbili. Mwalimu wa hesabu alikataa mpaka mwisho, kisha akajiandikisha kusafiri na timu. "Nitamwangalia," akasema.

Siku ya kwanza kocha alisimama mbele ya wasichana akasema yote. Mmoja akanyanyua mkono. "Na huyo mwenye jina yuko wapi?" Kocha akaninyooshea kidole, nilikuwa nimekaa pembeni na daftari. Wakanigeukia kwa heshima kubwa, wakitaka kujua nilifunga vikapu vingapi. Nikawaambia vinane.

Katikati ya msimu, asubuhi ya safari ya kwenda kucheza Sur, kocha aliingia ofisini kwangu hata hakubisha hodi. Mfungaji wetu bora alikuwa ameahirisha masomo muhula ule kwa ajili ya ugonjwa wa mama yake, nami karatasi yake ilikuwa haijanifikia. Katika orodha yangu jina bado lilikuwamo, ingawa asiyesoma haruhusiwi kucheza.

"Mfute huyu," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, sasa hivi. Wenzake walimshauri anyamaze. Kalia sana." Akakaa. "Na miye nimelia kidogo. Tutafungwa leo, wallahi tutafungwa vibaya."

Nikamfuta. Tukafungwa vibaya. Mwalimu wa hesabu alihesabu tofauti ya pointi mara mbili, akidhani amekosea.

Lakini mechi iliisha mapema na jua lilikuwa bado juu, kwa hiyo tukamwomba dereva atupeleke Ras al Hadd kula samaki. Wasichana waliokuwa wanakokota miguu uwanjani walipata nguvu zote ufukweni. Waligawana timu mbili mchangani, ambako mpira haudundi hata kidogo, wakamlazimisha kocha acheze. Alivua viatu. Mwalimu wa hesabu, ambaye alisema atakaa na mikoba, alidumu dakika tatu akaiacha mikoba. Mimi nilipewa mpira karibu na maji, nikaushangaa kama kawaida yangu, na kocha akaanza kunigombeza kwa Kiswahili mbele ya watu wote, nami nikamjibu kwa Kiswahili, na wasichana wakataka watafsiriwe.

Mwaka huu mkataba wa kocha ulipokuja kwenye kikao ili uongezwe, mkuu aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwalimu wa hesabu akasema analo: timu inahitaji jezi mpya, maana zile za zamani zimechujuka na namba hazisomeki. Tukalijadili hilo mpaka adhana ya adhuhuri.