Tiketi ya Kwenda Kumwona Kaka

Kaka yangu aliondoka Babati akiwa kijana, akaenda kusoma Uholanzi, akaoa huko, akapata kazi na watoto wawili. Miaka yote hiyo hakurudi hata mara moja. Siwezi kusema alitutupa. Kila Jumapili mama alipotoka kanisani simu iliita, kaka akasema shikamoo mama, akauliza habari za mvua na mahindi ya shamba letu la Singe. Mama alijibu yote kwa mpangilio, halafu naye akauliza swali lake: unakuja lini?

Hapo ndipo kaka alipoanza kueleza kwa nini tiketi za ndege zimekuwa ghali.

Alieleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mtoto. Mafuta ya ndege yamepanda. Baada ya ule ugonjwa uliofunga dunia nzima, mashirika yaliuza ndege na kuachisha watu kazi, na sasa abiria wamerudi lakini ndege hazitoshi. Nyingine zimeegeshwa zinasubiri injini. Kuna nchi zenye vita, huwezi kupita juu ya anga zao, rubani anazunguka mbali, na kule kuzunguka ni mafuta. Viwanja navyo vina kodi zake. Mwezi wa kumi na mbili kila mtu anataka kusafiri, kwa hiyo bei inapaa. Na yeye si mtu mmoja, ni watu wanne.

Mama alisoma darasa la pili tu, na Kiswahili chake kilikuwa na Kiiraqw ndani yake mpaka mwisho, lakini zile sababu alizishika zote. Mtu akimuuliza, mtoto wako wa Ulaya anakuja lini, alizitaja moja moja, kuanzia mafuta mpaka vita. Alizitaja kwa fahari. Kwake ilikuwa ni dalili kwamba mwanawe ni mtu wa mambo makubwa, mtu ambaye hata vita vya mataifa vinamgusa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha duka moja hapa mtaa wa Maisaka, kwa hiyo niliyasikia ambayo mama hakuyasikia. Watu wa pale walianza kumwita Mama Ndege. Vijana wa bodaboda walimwamkia vizuri, shikamoo mama, akaitikia marahaba, halafu mmoja akauliza kwa sauti ya heshima kabisa kama mafuta ya ndege yameshuka. Mama alisimama na kikapu chake akamjibu kwa kirefu. Wenzake waliinamisha vichwa kwenye pikipiki wakicheka mabega yakitikisika. Mwenye duka, mama mmoja aliyetuzoea sana, ndiye aliyelipenda jina hilo kuliko wote. Alilitumia mama akiwa amegeuka tu kuondoka, wala hakupunguza sauti.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mwenye duka alitoka nje na simu mkononi. Mama alikuwa amekaa karibu na cherehani yangu akichambua mbaazi. Mwenye duka akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha picha.

"Huyu si mwanao?" akamuuliza. "Yuko Zanzibar. Tangu juzi."

Mke wa kaka alikuwa ameweka picha mtandaoni, na binti wa mwenye duka alikuwa akimfuatilia. Kaka alikuwa amevaa kaptula, amembeba mtoto begani, nyuma yake wazee wawili wa kizungu wamekaa kwenye viti vya kamba. Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema amenenepa. Mwenye duka alibaki pale amechuchumaa, anamwangalia usoni, anasubiri. Mama alipomrudishia simu akaendelea na mbaazi, mwenye duka alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu.

Tulimpigia kaka jioni ile tukiwa nyumbani. Hakukana. Alisema baba mkwe wake anasherehekea miaka mingi ya ndoa, ndiye aliyewalipia wote, tiketi zilikatwa mwaka mmoja kabla. Alisema alikusudia kutuambia akisharudi, ili mama asiumie. Mama akamwambia kutoka Zanzibar mpaka Babati si mbali, aje hata siku moja. Kaka akaanza kueleza kwamba tiketi za ndani nazo ni ghali, kwamba ni msimu wa watalii, viti vyote vimejaa, kwa watu wanne haiwezekani.

"Njoo peke yako," mama akasema.

Kaka akasema hawezi kuwaacha wakwe kwenye sherehe yao, wangemwelewa vibaya.

Mama hakulia. Asubuhi aliuza mbaazi zake zote, zile za kula na zile za mbegu, akaniambia nimpeleke kwenye ofisi inayokata tiketi za ndege, karibu na stendi, aende Zanzibar mwenyewe. Msichana wa pale alitupokea vizuri. Alitafuta kwenye kompyuta, akatutajia bei, nami nikaona aibu kwa ajili ya mama, maana fedha yake haikufika. Tulitoka, nikakopa kwa mteja wangu mmoja. Tuliporudi mchana bei ilikuwa imeongezeka. Yule msichana aligeuza kioo cha kompyuta ili tuone wenyewe kwamba si yeye. Alimwambia mama kwamba ndege ya kule ni ndogo, viti vimebaki vichache, na kadiri vinavyokwisha ndivyo bei inavyopanda. Alimtajia mafuta. Alimtajia kodi. Mama alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, na uso wake ukafunguka.

"Mwanangu aliniambia hivyohivyo," akasema. "Hakunidanganya."

Nilirudi kukopa tena. Tulipata tiketi ya mtu mmoja, ya kwenda kesho yake na kurudi siku inayofuata.

Tulipanda basi la alfajiri mpaka Arusha, tukaunganisha hadi uwanja wa ndege. Mama alivaa gauni nililomshonea kwa Pasaka, na alibeba chupa ya asali aliyoifuata mwenyewe kijijini Bonga, kwa ajili ya wajukuu. Pale wanapokagua mizigo walimwambia asali haiingii ndani ya ndege, labda angeiweka kwenye begi la kupakia chini, na yeye hakuwa na begi hilo, alikuwa na kikapu tu. Nilimwona kutoka upande wangu wa kioo akijaribu kumweleza askari kwamba ni asali safi, haina maji. Askari alikuwa mpole, lakini foleni ilikuwa ndefu. Chupa ikatiwa kwenye pipa. Mama akanitafuta kwa macho, akanipungia, akaenda.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwake, vipande vipande, kwa muda wa wiki kadhaa, na vipande alivyoviacha sivijui.

Kaka, niliyempigia ndege ilipoondoka, alimpokea uwanjani. Alimkumbatia, akampa soda, akamwambia angetoa taarifa mapema angempangia vizuri. Wakaenda kwa teksi hadi hotelini. Wageni wa hoteli hiyo walivaa mikanda ya plastiki mkononi, na asiye na mkanda haingii kula wala kupumzika mpaka alipiwe. Kaka alienda mapokezi kuuliza, akarudi akamwambia wanatoza sana kwa siku moja. Basi wakakaa getini, kwenye benchi la madereva. Baadaye mke wake alikuja na watoto. Alikuwa mwema, mama alisema, alimshika mikono yote miwili. Wale wazee hawakuja. Watoto walisimama mbali kidogo. Msichana mdogo alimvuta baba yake shati akamuuliza kitu kwa Kiholanzi, kaka akamjibu kwa neno fupi, na mtoto akacheka.

Mama akauliza amesema nini.

"Anauliza wewe ni nani," kaka akasema.

Mama aliniambia hakuuliza kaka alijibu nini. Alitaka kuuliza, lakini mtoto alikuwa ameshakimbilia ndani kuogelea, na mke akamfuata asije akazama.

Usiku kaka alimtafutia nyumba ya wageni mjini, akamwacha hapo, kwa kuwa kulikuwa na chakula cha sherehe ambacho hakuweza kukikosa. Asubuhi alimtumia dereva.

Nilimpokea Arusha. Ndani ya basi, tulikaribia kufika ndipo aliponiambia kule kuna joto. Siku iliyofuata mwenye duka alimkalisha kwenye kiti, akamnunulia chai, akataka habari zote. Mama alisema amemwona mwanawe na wajukuu, wazima wote. Aliulizwa hoteli ilikuwaje ndani, akasema nzuri. Kuanzia hapo hakuzitaja tena zile sababu. Vijana wa bodaboda walimwuliza mafuta mara mbili tatu, akawapita kama hajasikia. Walichoka, wakamwacha.

Jumapili kaka aliendelea kupiga. Mama alisalimiana naye, akajibu habari za mvua, akanipa simu. Hakuuliza tena atakuja lini. Kaka aliniambia anafurahi kwamba mama sasa anaelewa.

Mwezi wa kumi na moja mama alianguka shambani. Presha, walisema hospitali, na upande mmoja wa mwili ukafa. Nilimpigia kaka nikamwambia aje akiwa bado anatambua watu. Aliniuliza madaktari wanasema ana muda gani. Nikamwambia hawasemi. Akasema basi tusubiri tuone, maana akikata tiketi sasa, kuelekea Krismasi, halafu mama akapata nafuu, itakuwa amelipa mara tatu ya bei ya kawaida bure. Alilisema neno bure, kisha akajisahihisha, akasema si bure, akaniomba nimwelewe.

Nilimwelewa. Mama alikufa wiki ile, mdomo umepinda upande, ananitazama kama ananidai maji.

Kaka alikuja. Tulimsubiri mwili ukiwa mochwari, na alifika peke yake, macho mekundu, koti zito mkononi. Alilia sana kaburini, siwezi kusema alijifanya. Baada ya maziko mwenyekiti wa kamati alisoma michango ya watu: majirani, jumuiya ya kanisa, wateja wangu. Mwisho akasema mtoto mkubwa wa marehemu amegharamia tiketi ya dharura kutoka Ulaya, na kwa jinsi ndege zilivyo ghali siku hizi kamati imeona huo uhesabiwe kuwa mchango mkubwa kuliko yote. Watu wakaguna kwa heshima. Mwenye duka alikuwa safu ya mbele, akamfuta kaka jasho kwa leso yake. Nilitaka kusimama. Mama mdogo, aliyekaa pembeni yangu, alinishika paja kwa nguvu mpaka kucha zikaingia, akaninong'oneza nisimwaibishe dada yake siku ya kumzika.

Jioni nilimkuta kaka jikoni akinywa maji. Nilimwambia fedha hii hii ungeitoa wiki mbili nyuma, nilipokupigia, ungemkuta bado anatambua watu.

Hakukasirika. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema wiki mbili nyuma hakuna aliyejua kwamba atakufa. Alisema mimi niko hapa, sijui kulipa kodi ya nyumba ya kule, sijui kukaa na watu wanaokuhesabia kila senti. Kisha akaniomba kitu. Shirika la ndege alilosafiri nalo hurudisha sehemu ya nauli kwa msafiri aliyefiwa, ila wanataka cheti cha kifo.

"Unaweza kunitolea nakala kabla sijaondoka?" akasema. "Iwe ya rangi, mihuri ionekane."

Nilikwenda mjini kesho yake. Kwenye duka la nakala kulikuwa na foleni ya wanafunzi, nikasimama nyuma yao na cheti cha mama ndani ya bahasha. Nilitoa nakala mbili, moja akiba. Aliziweka ndani ya pasipoti, akanibusu kichwani, akapanda gari.

Mwezi wa pili, nikiwa katikati ya sare za shule, ujumbe wake uliingia. Alisema wamekubali, wamemrudishia karibu nusu, na ananishukuru sana kwa kuhangaika. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni la mwanawe aliniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ni kaka, anasalimia. Nikamwomba anisogezee mkasi.