Geji Iliyosema Robo

Mume wangu, Maige, alikuwa fundi umeme wa magari pale Igoma kwa miaka kumi na tisa. Tulimzika mwezi wa pili. Kanisani wameniomba niandike habari za maisha yake zisomwe siku ya ibada ya shukrani, nami siwezi kuziandika nikiruka jambo hili, maana Mungu aliliona.

Mzee Sadru, mwenye duka la nyavu mjini, alikuwa na pikapu ya zamani iliyopeleka mizigo Kayenze. Dereva wake, Nkwabi, alikuwa rafiki wa mume wangu. Ndani ya miezi miwili pikapu hiyo ilizimika njiani mara tatu kwa kukosa dizeli, na kila mara Mzee Sadru alikuwa ameiangalia geji jioni iliyotangulia, akaona robo tangi. Akaamini Nkwabi ananyonya mafuta kwa mpira na kuyauza. Akampa mpaka Jumamosi akiri, la sivyo kazi hana.

Nami niliamini hivyo hivyo. Nkwabi alikuja kwetu mara kwa mara, wakaongea na mume wangu kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, nikitokea, wananyamaza. Siku moja nikifagia nilikuta galoni la dizeli chini ya karo, limefunikwa gunia. Nilimuuliza Maige. Akasema ni la Nkwabi, niliache. Nilipouliza la nini, akatoka kwenda gereji. Nilisali siku tatu, nikijiambia nyumba yangu haiwezi kuficha mali ya wizi. Siku ya nne nikaenda mjini nikamwambia Mzee Sadru nilichokiona, nikamsihi asinitaje.

Kesho yake nilipopeleka chakula gereji, niliwakuta wote watatu wamesimama kando ya pikapu.

“Fundi, nasikia dizeli yangu inalala kwako,” Mzee Sadru alisema.

Nkwabi akajitetea kwamba aliinunua kwa fedha yake ili asikwame tena njiani, akaogopa kuonekana nayo garini, isije ikadhaniwa ameinyonya.

“Mwizi anayejinunulia mafuta!” Mzee Sadru alimkatiza. “Huyu apelekwe Bujora, akawekwe makumbusho.”

Maige akachukua bisibisi. Alifungua kifuniko cha tangi, akatoa floti, kile kifaa chenye boya kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani. Akaiacha kwenye nyaya zake, akamwomba Mzee Sadru akae mbele aangalie geji, kisha akalinyanyua boya kwa kidole.

“Imejaa,” Mzee Sadru alisema.

Maige akalishusha.

“Robo. Shusha basi.”

“Limefika mwisho, mzee. Hakuna chini zaidi.”

Maige aliigeuza ile floti mkononi. Angeweza kusema geji imezeeka, na nani angejua? Mzee Sadru alikuwa na magari matano, yote yakitengenezwa na Maige, na hayo ndiyo yaliyotulisha. Nilimtazama usoni nikashuku anatafuta uongo.

Akasema floti ile haikuwa ya gari lile. Ya awali ilipoharibika, ilifungwa ya mtumba iliyotoka kwenye lori dogo, kwa kuwa matundu ya skrubu yalilingana. Lakini umeme wake na wa geji haukulingana: tangi likijaa vinakubaliana, likiwa tupu geji bado inaona robo. Ilijaribiwa tangi likiwa limejaa, basi.

“Nani aliifunga?”

“Mimi. Nkwabi hana kosa.”

Nkwabi alibaki na kazi yake. Magari yote matano yalihamia kwa fundi wa Nyakato. Tangu hapo Maige hakufunga floti yoyote kabla ya kuilinganisha na geji mkononi, kutoka juu hadi chini, mpaka mafundi wenzake wakamwita Mvuvi, kwa kushinda na maboya mkononi.

Hakuniuliza kamwe ni nani aliyesema. Miaka minne, kila alipokaa kimya mezani, nilishuku amejua.

Kwenye matanga nilimweleza Nkwabi ukweli, kwamba aliyesema ni mimi.

“Shemeji, hilo tulilijua siku ileile. Mzee Sadru alimwambia Maige.”

“Mbona hakunigombeza?”

“Alisema kosa ni lake. Ulimuuliza, akakunyima jibu.”

Nilimwomba Nkwabi msamaha palepale, mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, akanipa. Mume wangu sikuwahi kumwomba.