Kama Huna Hakika, Jibu Hapana

Jamaa za mume walipouliza mkewe anafanya kazi gani, mume alisema anaandika maelezo. Maelezo ya nini? Ya mipangilio. Mipangilio ya nini? Hapo mume alikuna kichwa, akasema, "Muulizeni mwenyewe. Mimi najua tu kwamba akiwa kazini haongeleshwi." Tangu siku hiyo wakamwita Mama Mipangilio, na jina likamganda.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Ndani ya kila kompyuta kuna mfumo, na ndani ya mfumo kuna kiini, ile sehemu ya chini kabisa inayoviamuru vifaa: kibodi, skrini, diski, spika. Kiini anachokishughulikia yeye ni cha programu huria. Hakina mwenyewe mmoja. Kinajengwa na watu waliotawanyika huku na huko, wengi wao hawajawahi kuonana, na yeyote anaruhusiwa kukichukua akakijenga upya apendavyo. Anayekijenga huulizwa maswali. Unataka kifaa hiki kitambuliwe? Unataka sehemu hii iwemo? Ndiyo au Hapana. Maswali ni maelfu, na chini ya kila swali kuna maelezo: kitu hiki ni nini, kinafanya nini, na asiyejua ajibu vipi. Kazi ya Mama Mipangilio ni hayo maelezo.

Na wajenzi wa kiini, tuseme ukweli, hawapendi kuandika. Mtu atakesha na msimbo wake, yale maagizo anayoiandikia kompyuta, mpaka ung'ae, kisha chini yake ataweka maelezo ya sentensi moja isiyomfaa hata yeye mwenyewe akirudi kutoka likizo. "Huwasha kifaa fulani." Ahsante sana, bwana. Kifaa hicho ni cha nini, na anakitumia nani? Mama Mipangilio aliyafuata maelezo ya namna hiyo sehemu kwa sehemu, ya diski, ya mtandao, ya sauti, akisoma msimbo na kuwasumbua wenyewe kwa barua pepe mpaka yaeleweke. Alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari. Meza yake ilibanwa kwenye kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati la nguo na dirisha, na aliyetaka kitu kabatini alinyata.

Maelezo mengi yalimalizika kwa sentensi ileile, ambayo ni desturi ya kazi: "Kama huna hakika, jibu Hapana." Si sentensi mbaya. Kiini kikibeba kila kitu kinavimba, kinakuwa kizito, na mtu anaishia kubeba vifaa asivyovijua wala kuvihitaji. Lakini aliizoea mno, hata nyumbani ikamfuata. Watoto wakiomba ruhusa ya kwenda kulala kwa rafiki zao, naye akisita kidogo tu, mumewe alidakia, "Mama hana hakika, jibu ni Hapana," na watoto waliondoka wakinung'unika kabla hajafungua kinywa.

Sasa, Mama Mipangilio huyu alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, na shangazi haoni. Hakuzaliwa hivyo. Macho yalimwishia ukubwani, akiwa tayari mpiga chapa wa kuogopwa, na vidole vyake havikuona kwa nini viache kazi eti kwa sababu macho yameacha. Ofisi yake hutunza kumbukumbu za vikao: yeye, akiwa nyumbani kwake, husikiliza vilivyorekodiwa, kisha huvichapa neno kwa neno. Ili ajue alichochapa, kompyuta yake iliunganishwa kwa waya na sanduku la kijivu, kubwa kama mkate, ambalo kazi yake ni moja tu, kumsomea kwa sauti kinachoandikwa kwenye skrini. Liliundwa kwa ajili ya lugha ya watu wa mbali, hivyo Kiswahili lilikitamka kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Ndiyo maana nyumbani liliitwa Mgeni. Mgeni kasemaje? Mgeni leo ana mafua. Mama Mipangilio alijifunza kusoma kwa kushindana na Mgeni, nani atamaliza mstari kwanza, na mpaka leo akisoma barua ndefu kimoyomoyo huisikia sauti ile kavu isiyopumua.

Ofisi ya shangazi ina sharti moja lisilo na mjadala. Vikao ni vya siri, kwa hiyo kompyuta yoyote inayovishika lazima iwekewe kila toleo jipya la mfumo linapotoka. Kompyuta ya shangazi ni ya zamani, haiwezi mzigo mkubwa, na hujengewa kiini chake chepesi na fundi wa duka la kompyuta la jirani, anayeyapitia maswali na kuyajibu. Fundi wa zamani alihama. Akaja mwingine, mtu makini mwenye miwani, anayefuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi ya mteja. Akaweka toleo jipya, akaaga. Kesho yake asubuhi shangazi akawasha kompyuta, na Mgeni hakusema kitu.

"Mgeni amekufa," alisema kwenye simu, hata salamu hakungoja.

"Shikamoo, shangazi. Amekufaje?"

"Marahaba. Nawasha, kimya. Naambiwa taa yake inawaka. Taa ya nini mimi?"

"Umechomoa waya ukachomeka tena?"

"Mwanangu, nimeanza kuuchomoa waya huo hujaota meno."

"Na kazini umewaambia?"

"Mkuu ameniambia polepole, kwa adabu zote, kwamba kama shida ni ya kudumu kuna dada mwingine anaweza kunishikia kwa muda. Huo muda naujua. Yule mwenzangu wa mapokezi alishikiwa kwa muda, na mpaka leo yuko nyumbani anapika."

Mama Mipangilio alivaa viatu akaenda. Alimkuta shangazi amekaa wima mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye foleni. Chumba hakikuwa kimewahi kuwa kimya namna ile saa za kazi. Alimpigia fundi, naye hakuzunguka.

"Kuna swali niliulizwa la kifaa cha sauti, jina lake herufi na namba tu," alisema. "Nikafungua maelezo. Yanasema huwasha kifaa cha aina hiyo kupitia waya, na kama huna hakika, jibu Hapana. Mimi sikuwa na hakika, mama. Nikajibu Hapana. Nimekosea?"

"Hujakosea. Hebu nisomee hiyo namba."

Fundi alimsomea. Mama Mipangilio alimwinua Mgeni, akampindua chali. Chini kulikuwa na kibandiko kilichofifia, na juu yake namba ileile. Miaka yote ile nyumbani, hakuna aliyewahi kumwita Mgeni kwa namba.

Yeye namba hiyo aliijua kutoka kwingine. Wiki ileile alikuwa amepata barua ya mtunzaji mkuu wa sehemu ya sauti, mtu ambaye moyoni alimwita Bwana Mkato kwa jinsi anavyobana maneno. Barua ilisema kifaa hicho hakitumiwi na mtu, hakijalalamikiwa na mtu, na kitaondolewa kwenye kiini toleo lijalo; anayekitumia aseme sasa. Yeye aliombwa tu ayafute maelezo yake. Alijibu "Sawa" akaendelea na mengine. Na sentensi ya mwisho ya maelezo hayo ilikuwa yake. Aliwahi kupitia maelezo mengi yasiyokuwa nayo, akaibandika kwenye yote kwa mkupuo, ili amalize kabla ya chakula cha mchana.

Angeweza kunyamaza. Fundi hakujua, shangazi asingejua, na yeye mwenyewe angemaliza jambo chini kwa chini na kusifiwa juu yake. Alimrudisha Mgeni mahali pake, akapiga moyo konde.

"Shangazi, sentensi iliyomdanganya fundi niliiandika mimi."

Shangazi alikuwa akipapasa ukingo wa kibodi. Vidole vikasimama.

"Ile ya Hapana?"

"Ile ya Hapana."

"Kwani wewe hukuwa na hakika?"

Alitaka kueleza kuhusu maelfu ya maswali, na namba, na kwamba hakutambua kuwa ni Mgeni. Alianza kueleza, na akajisikia jinsi anavyosikika.

"Katika watu wote wa hiyo kazi yenu," shangazi alimkatisha, "wangapi wamelelewa na Mgeni?"

"Labda mimi peke yangu."

"Sawa," shangazi alisema, na neno hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilomjibu Bwana Mkato.

Fundi alirudi mchana huohuo, akajenga kiini upya, safari hii kwa Ndiyo. Jua lilipoanza kuingia kwenye dirisha la nyuma, Mgeni alikohoa kile kikohozi chake cha kuamka, akaanza kusoma, na shangazi akamwamkia kama mtu aliyetoka safari. Lakini hiyo ilikuwa nafuu ya toleo moja. Toleo lijalo ofisi ingelitaka kama kawaida, na ndani yake Mgeni asingekuwemo. Hata swali lenyewe lisingekuwemo, fundi angekosa pa kujibu Ndiyo.

Basi Mama Mipangilio akaandika barua ya wazi kwa wajenzi wote. Alisema kifaa kinatumika, kinamlisha mtu, na kwamba sentensi ya kukikataa aliibandika yeye bila kufikiri. Akaambatanisha maelezo mapya, marefu, yenye huruma tele, yaliyomalizika kwa "Kama huna hakika, uliza."

Bwana Mkato alijibu kabla chai haijapoa. Mtumiaji mmoja ni mmoja. Kifaa hiki hakina mtunzaji wake. Nani atakijaribu kifaa kila toleo? Na tena: swali lina majibu mawili, kuuliza si mojawapo.

Alikasirika mpaka akainuka mezani. Alikasirika kwa sababu yote yalikuwa kweli. Alimsomea shangazi majibu hayo kwenye simu, akitegemea wamseme huyo bwana pamoja, lakini shangazi alicheka.

"Huyo mtu namwelewa," alisema. "Ila mwulize hili. Sanduku likizimwa, mimi nitaliwashaje? Maswali si yapo kwenye skrini? Na skrini nasomewa na nani?"

Mama Mipangilio alikaa chini. Muda wote aliokuwa kwenye kazi hii, na barua zote alizosoma, hakuna aliyeliandika jambo hilo. Mtu mwingine akijibiwa Hapana kimakosa, ataona kifaa chake hakifanyi kazi, atarudi kwenye swali, atasahihisha. Kwa huyu, Hapana inafunga mlango na ufunguo unabaki ndani. Sentensi ya busara aliyoibandika kila mahali ilikuwa ya busara kwa kila mtu isipokuwa yule ambaye kifaa kiliundwa kwa ajili yake.

Aliyatuma maneno ya shangazi kama yalivyo, bila kuyapamba. Chini yake akaongeza kwamba mwenye maneno hayo atakijaribu kifaa kila toleo, na kwamba mtunzaji wa kifaa hicho ataandikwa yeye, Mama Mipangilio. Hapo aliogopa kwelikweli. Yeye ni mtu wa maelezo, si wa msimbo, na mtunzaji ndiye anayeamshwa kitu kikiharibika. Kidole kilisita juu ya kitufe, akajisikia akianza kusema ile sentensi yake ya siku zote. Akabonyeza.

Safari hii chai ilipoa, ikapikwa nyingine, siku zikapita. Kisha jibu likaja. "Hilo sikuwahi kulifikiria. Kinabaki. Tuma maelezo mapya, mafupi." Kwa mtu wa aina yake, hiyo ilikuwa hotuba.

Toleo jipya lilipotoka, fundi mwenye miwani alikuja tena kwa shangazi, na Mama Mipangilio alijipa sababu ya kuwepo. Alikuja eti kurudisha bakuli. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Fundi aliyapitia maswali, na kwa kuwa mfumo wa sasa ulikuwa bado ukifanya kazi, Mgeni aliyasoma yote kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa lafudhi yake ya uwanja wa ndege. Diski. Mtandao. Skrini. Shangazi alikuwa akikunja nguo, akitikisa kichwa kwa yale yaliyomchosha. Kisha Mgeni akaitamka namba yake mwenyewe, akasoma:

"Sanduku linalomsomea skrini mtu asiyeona. Likiachwa nje, yeye hawezi kulirudisha mwenyewe, kwa sababu bila hilo hayasikii maswali haya. Kama huna hakika, jibu Ndiyo."

Fundi aliinua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Haya maelezo yamebadilika," alisema. "Huyu aliyeandika hapa lazima ana mtu asiyeona nyumbani kwao."

Mama Mipangilio aliangalia bakuli. Machozi yalikuwa yamemjaa, na alishukuru kwamba fundi ameelekea kwenye skrini.

"Anaye," shangazi alisema, akiendelea kukunja kanga. "Alikuwa amemsahau kidogo tu."

Fundi hakuelewa, na hakuuliza. Alifuta mkono kwenye suruali, akabonyeza Ndiyo, na Mgeni akalitamka neno hilo vibaya kama kawaida yake.