Baba na Rangi ya Cheche

Baba alipima injini kwa macho. Anafungua plagi, anairudisha kwenye waya wake, anaigusisha kwenye chuma cha injini, halafu ananiambia, "Vuta." Navuta kamba, cheche inaruka mdomoni mwa plagi. Ikiwa bluu, koili inayozalisha cheche hiyo ni nzima. Ikiwa njano, koili imechoka, nenda ununue nyingine. Karakana yetu ya Obunga iliishi kwa neno lake hilo.

Mimi shule niliachia darasa la nane, lakini kwenye simu nilikuwa nimeona injini za majaribio zinazowashwa kwa mwale wa leza, bila plagi kabisa. Nikamwambia Baba siku moja tutazitengeneza hapa hapa.

"Sawa, Bi Leza," akasema. "Na hiyo plagi umeisafisha?"

Hata hizi koili za elektroniki hakuzipenda. Zamani, alisema, kulikuwa na kontakti ndani, vichuma vidogo vya kukata na kuunga umeme, unazipiga msasa injini inapona. Sasa kila kitu kimezibwa kwenye plastiki. Fundi ameachiwa cheche tu ya kutazama.

Asubuhi moja akarudi mama mmoja wa Sondu na pampu yake ya maji. Wiki iliyotangulia Baba alikuwa amemwambia koili imechoka, naye akanunua mpya. Nikaifunga, nikavuta.

"Njano," Baba akasema. "Mama, wamekuuzia feki."

Mama akainama kutazama. "Vuta tena, msichana." Nikavuta. "Mzee, si hii ni bluu? Bluu kama sweta ya shule! Ama mnataka ninunue duka lote? Nyanya zangu zinakauka huko."

Nami niliiona. Bluu safi kabisa. Nikasema haraka, "Ni jua, Mama. Jua linadanganya macho."

Tulikuwa tumesimama kivulini.

Baba alinitazama, na hapo ndipo nikauona vizuri ule ukungu kwenye mboni zake. Siku zote nilidhani ni uzee tu. Akaniambia nifunge ile koili ya zamani ya mama. Nikavuta. Safari hii hakuangalia plagi, aliangalia uso wangu.

"Sema."

"Bluu, Baba."

Akamgeukia mama. "Koili yako haikuwa na shida. Shida ni macho yangu. Nisamehe, hiyo mpya warudishie."

Nilifungua kabureta nikaikuta imejaa matope. Nilipoiosha, pampu iliwaka mara moja. Mama hakutania tena. Alimshika Baba mkono na kumwambia kwa upole, "Mzee, enda waangalie hayo macho."

Alipoondoka, Baba alivuta ndoo ya koili alizokuwa amezikataa mwaka huo. "Pima zote," akasema, akakaa akinipa mgongo.

"Bluu," nikasema.

"Hiyo ni ya kijana wa bodaboda, yule wa Migosi."

"Bluu."

"Ya mwalimu wa kwaya."

"Hii pia, Baba."

Hiyo hakusema ni ya nani.

Ya nne ikatoa cheche nyembamba, ya njano kama chai ya maziwa. Niliruka kama mtu aliyefunga goli. "Njano! Baba, hii ni njano kweli!"

"Usinipatie jua tena, nyathina," akasema. Mtoto wangu. Hakugeuka.

"Si jua, Baba. Naapa."

Akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Haya," akasema. "Vuta ingine."