Sweta Lenye Mashavu ya Bibi Teodosia

Bibi Teodosia alikuwa amepita miaka sabini alipoarifiwa kwamba ana mashavu mazuri. Habari hiyo ilimkuta uani kwake Kiegei, akipepeta ufuta, na ilimkasirisha kwa siku kadhaa.

Aliyemletea ni mjukuu wake Winfrida, aliyetoka Ruangwa kwa bodaboda akiwa na simu mkononi, sindano za kufumia zilizotengenezwa kwa spoku za baiskeli, na karatasi ya miraba iliyokunjwa ndani ya mkoba. Winfrida alikuwa amepata ajira ya ualimu, na serikali, kwa hekima yake ya kawaida, ilikuwa imemchagulia kituo Makete. Waliowahi kufika huko walimweleza kuwa asubuhi maji ya ndoo huota ngozi ya barafu. Huku kwetu sweta huvaliwa na watoto wachanga mwezi wa Juni, wanafunzi kwa ajili ya sare, na maofisa wanaotaka waonekane maofisa, kwa hiyo la kumfaa halikupatikana dukani. Kufuma alijifunza chuoni. Akaamua atafuma lake mwenyewe, la rangi mbili, lenye urembo kifuani.

Urembo gani, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Simu ilimwonyesha theluji, miti iliyochongoka, na wanyama wenye matawi kichwani ambao hakuna mtu wa Kiegei aliyewahi kuwafukuza kwenye shamba la kunde. Alikuwa karibu kuwakubali. Halafu, akipekua picha za msiba wa shangazi yake, akakutana na uso wa bibi yake umejaa kioo kizima.

"Nembo zako, Bibi," alisema, akimsogezea simu. "Hebu ona. Zimekaa kama zilipangwa kwa ajili ya sindano. Nzuri kweli!"

Bibi Teodosia aliweka ungo chini.

Nembo ni mistari ambayo Wamakonde wa umri wake walichanjwa usoni kwa kisu kidogo na kupakwa mkaa: mstari uliokunjwa katikati kama paa la nyumba, na mwingine chini yake, na mwingine tena. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akachanjwa huko, akavuka nazo. Tangu avuke alikuwa amesikia mengi. Watoto wa shule walizihesabu kwa sauti. Muuguzi mmoja alimuuliza aliunguzwa na nini. Kijana wa kupiga picha za vitambulisho alimwomba afute masizi ili picha itoke safi, na alipoambiwa hayafutiki akamwangalia kama mtu aliyeharibu mali ya umma. Hata Stefano, mwanawe wa kumzaa, baba yake Winfrida huyuhuyu, alipokuwa sekondari alimshauri asijichoshe kwenda kwenye mkutano wa wazazi. Katika miaka yote hiyo neno "nzuri" halikuwahi kutajwa na mtu.

"Zimekuwa nzuri lini?" aliuliza.

"Tangu zamani, Bibi."

"Zamani ipi? Mimi zamani nilikuwepo. Sikumwona hata mmoja aliyesema."

Winfrida alikuwa mwalimu, na walimu wana kipaji cha kuendelea na somo. Akatoa nyuzi mkobani, bunda moja jeupe na jingine la pinki, akaziweka juu ya mkeka.

"Hii nyeupe itakuwa sweta lenyewe. Hii pinki ndiyo nembo."

"Pinki?" Bibi alijishika shavu. "Nimechunwa?"

Mzee Ismaily, jirani wa upande wa pili wa uzio, alikuwa amesikia vya kutosha kuona kwamba anahitajika. Ni Mmwera, na Bibi Teodosia ni mtani wake, jambo linalompa haki ya kuingia bila hodi na kuondoka bila shukrani. Akavuta kigoda.

"Wekeni kijani na njano," alisema.

"Aambiwe anafanya kampeni?" alisema Bibi.

"Nyekundu na nyeupe, basi."

"Mwalimu mkuu akiwa mtu wa Yanga, nimekwisha," alisema Winfrida.

Wakajaribu na nyingine. Katika nchi hii ni vigumu mtu kuvaa rangi mbili kwa pamoja bila kukabidhiwa kadi ya uanachama wa kitu fulani. Mzee Ismaily akakata tamaa ya rangi, akarudi kwenye utaalamu wake.

"Mtani, wakufume kwa rangi yoyote, watoto wa Makete watalia tu."

"Heri mimi wanaolia watoto. Wewe hata kuku hakuondokei njiani."

Bibi akamgeukia mjukuu. "Sikiliza, mke mwenzangu. Uso wangu una rangi zake. Ngozi ni kahawia. Mkaa ni mweusi. Kuna kingine unachokiona wewe?"

"Lakini Bibi, nyeusi juu ya kahawia haitaonekana. Ukifuma rangi mbili lazima moja iite na nyingine iitike. Mtu akikaa pale barabarani hataona kitu."

"Na huyo wa barabarani anatafuta nini usoni kwangu? Anayetaka kuona, asogee. Babu yako alisogea."

Mzee Ismaily alicheka mpaka kigoda kikaegemea upande. Winfrida naye alicheka, akaona suala la rangi limemalizika kwa gharama ndogo. Kwa furaha hiyo akakunjua karatasi yake ya miraba.

Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Alikuwa amechora kwa kalamu, mraba kwa mraba, kila mraba ukiwa kitanzi kimoja cha uzi. Upande wa kulia mapaa matatu, yamepandana. Upande wa kushoto mapaa matatu, yamepandana vilevile. Katikati mstari wa pua. Ilikuwa kazi safi, ya mtu asiyekosea hesabu.

Bibi aliitazama kwa muda. "Huyu nani?"

"Wewe."

"Mimi shavu hili nina moja." Aligeuza uso ili mashavu yote mawili yaonekane, na kweli, kulia ilikuwepo mistari mitatu iliyokolea, kushoto mmoja tu, mwembamba, na chini yake ngozi tupu. Winfrida alikua akiuona uso huo, alibebwa karibu nao, na hakuwahi kuugundua upungufu huo mpaka alipoupata kwenye simu. Alipoupata, aliona ni jambo la kusaidia.

"Nilirekebisha kidogo, Bibi. Pande zisipolingana, watu watasema nimekosea. Mwalimu mzima, nimeshindwa kuhesabu!"

"Umerekebisha."

"Kidogo tu."

Mzee Ismaily, ambaye hajawahi kukosa neno kwenye ugomvi wa mtu mwingine, alikumbuka kwamba ameacha moto jikoni.

"Fundi wa kuchanja alimaliza upande wa kulia," alisema Bibi Teodosia, kwa sauti ya chini ambayo wanawe wote waliiogopa kuliko kelele. "Kushoto akaanza mmoja. Akasema kidonda kikipona nirudi. Kabla hakijapona vita vikafika kijijini, tukakimbia na damu kwenye kitambaa. Fundi hakuvuka. Tulipofika huku nikasema nitafutiwe mwingine animalizie, wakubwa wa kambi iliyotupokea wakasema mambo hayo yamepitwa na wakati, nchi mpya haitaki nyuso za zamani. Sawa. Nikabaki hivi. Nikaolewa hivi. Nikamzaa baba yako hivi, na wenzangu wakanicheka hivihivi, kwamba mimi ni nusu mtu, nilikimbia kisu. Sikukimbia kisu! Nilikimbia risasi! Sasa wewe umekaa Ruangwa, kitandani, na kalamu, umenimalizia?"

"Bibi, sikujua."

"Hukuuliza. Uliona pengo ukaona ni la kwako." Akaisukuma karatasi. "Fuma wale wanyama wenye matawi kichwani. Hao hawana la kusema. Uso wangu uache Kiegei."

Winfrida alirudi Ruangwa bila kunywa hata uji. Njiani alikuwa na hasira ya mtu aliyekosea kwa nia njema, hasira ambayo haina pa kwenda.

Alirudi karibu na siku ya safari, bila karatasi. Uzi wa kahawia alikuwa ameuomba kwa mama anayefuma sweta za shule, na mweusi akaupata dukani kwa Awadhi, aliyemuuliza kama kuna msiba. Akamwekea bibi yake sweta mapajani na kusema, "Nimekuja na lenyewe. Ukikataa nalifumua hapahapa mbele yako. Shingo bado."

Bibi Teodosia alilishika kama mtu anayekagua samaki wa jana. Kahawia lote. Alilisogeza karibu na macho, na hapo mistari ikatokea: mitatu kulia, mmoja kushoto, na chini ya huo mmoja kahawia tupu. Akafanya anavyofanya kwa nguo yoyote anayotaka kuishuku, akaligeuza nje ndani.

Upande wa ndani, pale kushoto palipokuwa patupu, nyuzi nyeusi zilikuwa zimelala kwa mistari, safu juu ya safu.

"Huku unaficha nini?"

"Sijaficha, Bibi. Ukifuma kwa nyuzi mbili, ule ambao zamu yake haijafika unapita nyuma. Kulia unatokeza sana. Kushoto hautokezi, lakini lazima upite, hauwezi kukatwa. Pale ndipo palinipa taabu kuliko pote. Ukiuvuta, panajikunja. Ukiulegeza, vidole vinanasa."

"Na upande huu unalala wapi?"

"Mwilini kwangu."

Bibi alipitisha kidole juu ya nyuzi zile, polepole, mpaka mwisho wa safu. Kuku waliingia kwenye ufuta na hakuwafukuza. Kisha akaligeuza sweta, akalinyoosha juu ya magoti, na uso wake ukarudia ukali.

"Mkono huu mrefu. Unakwenda kufundisha au kuchota maji kwa mikono ya sweta? Na shingo usiibane. Kichwa cha ukoo wetu hakipiti kwenye tundu dogo, muulize baba yako nilivyomzaa. Kaa hapo umalize, nikuone."