Filamu Aliyoipenda Feza

Iko Jumamosi moja ambayo mpaka leo naamka nayo kichwani, mwanangu, ingawa nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Nilikuwa sijafikiria kukusimulia. Lakini juzi nilipita kwenu nikakuona wewe na mkeo mmekaa kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na simu yake, waya masikioni. Ukaniambia kwa kujisifu, "Baba, sisi hatugombaniangi televisheni. Kila mutu na yake." Nilicheka kidogo nikaondoka. Tangu siku hiyo jibu limenikaa kooni, halishuki wala halipandi. Basi kaa nilitoe.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kushona hapa kambini Dzaleka, Malawi, na nilikuwa nimemuoa mama yako, Feza, binti wa Uvira kule Kongo, miaka miwili tu. Mimi kwetu ni Fizi, huko huko Kongo. Mungu alikuwa ametupa binti, dada yako Sifa, bado ananyonya. Na mimi, kwa jasho la cherehani, nilikuwa na televisheni, tele kama tunavyoiita, na deki na betri ya gari. Katika mstari wetu wote wa nyumba hakukuwa na mwingine mwenye vitu hivyo. Usiniulize nilivyojiona.

Mimi nilipenda filamu za vita. Bunduki, mabomu, mtu mmoja anaingia msituni peke yake na kutoka na wenzake kumi. Kila mchana nilifunika cherehani, wanaume wanajaa chumbani, sauti tunaipandisha mpaka mabati yanaitika. Feza anabaki nyuma ya pazia na mtoto. Yeye alipenda filamu za nyumbani: wake na wakwe, dada waliokosana, watu wanalia, wanasameheana, kesho wanaanza tena. Siku moja tu nilimpa nafasi aweke yake. Dakika kumi hazikufika nikaizima.

"Hizi ni kelele za bamama," nikamwambia.

Mimi, mwenye mizinga chumbani! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi nilitaka kumnyoa mwenzangu kichwa kizima. Baada ya hapo Feza akaanza kunyamaza, siku hata siku, nami nikadhani ameridhika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Usikisherehekee.

Jumamosi hiyo tulianza kuangalia asubuhi. Feza alisimama mlangoni, akasema jambo. Nikasema, "Mm." Akasema tena. Nikasema, "Mm." Filamu ilipokwisha jua lilikuwa utosini, wenzangu wakatoka, nami nikasikia njaa. Nikafungua pazia. Moto umezimika. Kitenge cha kumbebea mtoto hakipo. Mtoto hayupo.

Nikatoka kwa jirani, Mama Esperansi, mwanamke wa Burundi aliyekuwa akiuza mafuta na chumvi mbele ya mlango wake.

"Feza alitoka asubuhi na mutoto na mufuko," akasema. "Hakukuambia?"

"Mufuko mukubwa?"

"Mukubwa." Akaacha kupima chumvi. "We ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama.

Sikula. Nilipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara ya lami, nikamkaripia kijana wa watu akanyage haraka kana kwamba kosa ni lake. Nikapata minibasi. Pale Lumbadzi ikasimama kusubiri abiria, nami nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa tumbo. Nilijua jambo moja tu: Feza alikuwa anafuma vitambaa vya meza na kuvipeleka mjini Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa mama mmoja mzee. Nyumba ipi, sijui. Jina la huyo mama, sijui. Feza alikuwa amenisimulia mara nyingi.

Area 47 nikaingia duka hadi duka. Mwenye duka mmoja akanisikiliza vizuri, akauliza, "Amevaa nini?"

Hapo nilinaswa, mwanangu. Yule askari wa kwenye filamu ningekueleza hata rangi ya kamba za viatu vyake. Mke wangu, aliyesimama mlangoni asubuhi ile ile, sikujua amevaa nguo gani. Nikajibu, "Ana mtoto mgongoni," na nilisikia aibu ikinipanda kama homa.

Mwenye duka akamkumbuka kwa sababu ya mtoto. Akanionyesha geti la kijani.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kabla sijabisha nikasikia kicheko. Kicheko cha mwanamke anayecheka kwa tumbo, mpaka pumzi inamwishia. Sikukitambua. Nikachungulia: ni Feza. Amekaa chini kwenye mkeka, vitambaa vimemzunguka, Sifa amelala mapajani kwa bibi mmoja Mmalawi, na mbele yao tele inaonyesha wamama wawili wanagombana. Miaka miwili nimelala na mwanamke huyu nyumba moja, na kicheko chake kilikuwa kigeni masikioni mwangu.

Hofu ilipotoka, hasira ikaingia. Nikasema, "Feza, simama. Twende."

Kicheko kikakatika. Yule bibi, ambaye Feza alimwita Agogo, yaani nyanya, kwa heshima ya kwao, akanitazama bila haraka. Alisema Kichewa, nusu nilielewa, nusu Feza alinipa.

"Wewe ni nani?"

"Mume wake."

"Zikomo, asante, mume wake. Kaa. Filamu haijaisha."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kama kina siafu. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama mlango, nikatazama tele bila kuiona. Ilipokwisha, Agogo akaniuliza, "Yule mama mkwe mwenye kilemba chekundu, kwa nini alikuwa anaficha chumvi?"

"Sijui."

"Macho yako yalikuwa hapo hapo."

Agogo akamweka mtoto vizuri mapajani, kisha akasema, "Marehemu mume wangu alipenda mpira wa redioni. Mimi mpira siupendi mpaka kesho. Lakini nilipoingia chumbani na neno, mkono wake ulikwenda kwenye redio, akapunguza sauti. Nilimwambia mara nyingi asijisumbue. Akapunguza tu. Magoli siyakumbuki hata moja. Mkono ule naukumbuka."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tulitembea na Feza kwenda stendi, mtoto mgongoni kwake, mfuko begani kwangu. Alivaa blauzi ya njano, mwanangu, yenye vifungo vyeupe. Nilihesabu vifungo. Mwishowe nikauliza, "Ulitaka kunikimbia?"

"Hapana. Nilikuambia naenda kwa Agogo, nitarudia jioni. Ukasema mm."

"Na hizi filme zangu, mbona hukusema zinakusumbua?"

Akasimama katikati ya njia. "Nilisema. Mara mbili. Nilikuambia kwamba ile asubuhi benye bunduki balipokuja kwenye mutaa wetu Uvira, nililala chini ya kitanda, nimeziba ndugu yangu mudogo kinywa. Bunduki ikilia kwenye tele, mikono yangu inatafuta kinywa cha mutoto. Nilikuambia. Ukasema mm."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilikuwa nimemfugia unyasi chumbani. Nililia barabarani, watu wanapita. Na nilipopata sauti nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kujiambia hata mwenyewe: "Mi nilipokimbia Fizi sikuona mwisho. Sikujua nani alibaki. Kwenye filme najua. Yule mutu anabakia kila siku. Njo maana naangalia."

Akanitazama kama ananiona upya. "Na mi," akasema, "nasikia bamama banagombana juu ya chumvi, naona mama yangu na shangazi. Banagombana, lakini bako bote jikoni."

Mazungumzo yote hayo yalikuwa ndani ya nyumba yetu miaka miwili, yamefunikwa na kelele.

Kesho yake nilipeleka tele kwa jirani wa mstari wa pili. Filamu za vita zikahamia huko. Wenzangu walisema nimekaliwa na mke. Wacha waseme. Kila Jumapili jioni tele ilirudi kwetu, Feza anaweka zake. Sikuzipenda, sitakudanganya, mara nyingi nililala kabla mkwe hajatubu. Lakini nilijifunza kuuliza, "Huyu anamfichia nini mwenzake?" na Feza akinieleza, nilipata habari za Uvira nzima. Naye siku moja akaja kwa jirani, akakaa kando yangu wakati wa mapigano, kucha zake mkononi mwangu. "Huyu atabakia?" akaninong'oneza. Nikamwambia, "Atabakia." Akavumilia mpaka nusu, akatoka. Nusu ile ni kubwa kuliko zawadi zote alizonipa.

Basi sikia, mwanangu. Sikuombi wewe na mkeo mpende kitu kimoja. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Kila anachokiangalia mwenzako kina sababu, na sababu hiyo hutaipata kwenye kioo cha simu, utaipata kwake. Muulize. Akisema, toa waya sikioni kabla hajamaliza neno la kwanza, maana watu wengi hawasemi mara ya tatu. Wala usijisifu kwamba hamgombani. Hata mawe mawili hayagombani. Na kama leo ukitoka hapa hukumbuki mkeo amevaa nini, rudi nyumbani mbio.

Mungu aliyetuvusha milima na maziwa awavushe na ninyi. Awape masikio kabla ya majibu, na kicheko kinachosikika hadi kwa jirani. Watoto wenu wawakute mnazungumza. Amina.