Kimya Kabla ya Marahaba

Mimi ni mtu wa haraka, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Katika karakana yetu ya kushona sare hapa Doornfontein, kusini kabisa mwa Afrika, anayetaka kola ziishe kabla ya chakula cha mchana huniletea mimi. Kwa hiyo tajiri alipotuletea mama mmoja wa kutufundisha kutulia, nilinuna waziwazi. Tulizima vyerehani, tukaambiwa tufumbe macho na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka. Jirani yangu wa meza, Mkongo wa Bukavu, akaniinamia sikioni: "Dada, sasa banatulipa juu ya kupumua?" Nilicheka hadi nikapaliwa, na hapo ndipo nilipoifuata pumzi yangu kwa kweli.

Yule mwalimu hakukasirika. Kabla ya kuondoka alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja achague jambo moja analolifanya mbiombio kila siku, siku hiyo alifanye kwa mwendo wake wa kawaida, na asijaribu kurekebisha chochote, atazame tu mna nini ndani yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikaa. Mimi ni mdaku wa kuzaliwa, na hapa nilikuwa nimepewa ruhusa rasmi ya kuchungulia.

Wakati napanda kilima kwa miguu kurudi nyumbani Yeoville nilizipitia haraka zangu moja moja. Ugali naupika haraka, lakini naupenda hivyohivyo. Kuoga naoga haraka, maana maji ya moto huisha. Nikasimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, kusubiri magari yapite, nikatoa simu nimsikilize mama yangu, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kuharakisha sauti mara mbili. Nikakitazama kile kidole.

Mama yuko Tanga. Macho yake yana mtoto wa jicho, kuandika hawezi, kwa hiyo hututumia ujumbe wa sauti, mrefu, kila siku. Nami kwa muda mrefu nimekuwa nikimsikiliza kwa kasi maradufu huku natembea, tena nikiruka salamu ili nifike kwenye habari. Na habari siku hizo ilikuwa moja tu. Daktari alisema macho yakifanyiwa upasuaji yataona, ila asikawie, na mama hataki. Mdogo wangu wa kiume aliye Dar alimbembeleza akachoka, akaniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba na ndiye mkali. Kila siku nilimtumia mama amri, na kila siku alinijibu kwa ubishi. Mimi nilisikia ubishi.

Nilipofika nyumbani niliketi jikoni, nikairudisha sauti kwenye mwendo wa kawaida. Ujumbe ulianza na kimya. Nilidhani simu imekwama. Nikasikia jogoo, nikasikia mtu akiburuta ndoo, kisha mama akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikaurudisha mwanzo. Kimya, jogoo, ndoo, marahaba. Nikafungua wa jana, nikafungua wa juzi, zote zilikuwa vilevile. Mama alikuwa akibonyeza simu halafu anasubiri nimwamkie, kwa kuwa mkubwa haanzi. Alinipa muda wa kutosha wa kusema shikamoo, ndipo akaitikia. Baadaye aliuliza kama watoto hawajambo, akangoja tena, kisha akamshukuru Mungu. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

Nikauanza ule ujumbe upya, na kimya kilipofika nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mama." Binti yangu, aliyezaliwa huku na ambaye Kiswahili anakielewa lakini hutujibu kwa Kiingereza, alichungulia mlangoni akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na bibi yake. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akavuta kiti. Bibi alipouliza hali za watoto, naye akamjibu kwamba hawajambo.

Nilitaka kujua mna nini kingine humo ndani. Mama alisimulia dagaa, harusi ya jirani, mvua iliyogoma kunyesha. Alipofika kwenye hospitali sauti ikashuka. Kwa ile kasi yangu, sehemu hiyo ilisikika kama anafoka: sitaki, sitaki, niacheni. Kwa mwendo wake mwenyewe kulikuwa na pumzi ndefu kati ya sitaki ya kwanza na ya pili, na ile ya pili ilitetemeka. Nilirudia kusikiliza mpaka nikawa na hakika. Mama yangu hakuwa akibisha, alikuwa anaogopa.

Nilishtuka, kisha nikaona aibu, kisha udadisi ukavishinda vyote viwili. Tangu nimfahamu, mama hajawahi kuogopa kitu mbele yangu. Alizika mume, akatulea peke yake, akagombana na wenye nyumba akawashinda. Sasa anaogopa nini? Kisu? Kufungwa macho? Sikuwa na habari, na nilijiona mjinga kwamba katika amri zangu zote sikuwahi kumuuliza.

Nilimpigia jioni hiyohiyo. Hotuba yangu ya siku zote ilikuwa tayari mdomoni, na nikahisi taya limekaza kama linavyokaza ninapotia zipu. Nikaliacha lilegee. Tuliamkiana kwa ukamilifu, tukaulizana hali za kila mtu mpaka paka, kisha nikasema, "Mama, unaogopa nini?" Nikanyamaza. Haikuwa rahisi hata kidogo. Ulimi uliniwasha kumtafutia jibu. Nilimsikia akisogeza kiti.

"Upasuaji siuogopi," akasema. "Ila sasa hivi nikikaa barazani, mtu akipita njiani simtambui sura. Naona umbo tu linapita. Akiwa mrefu, najiambia labda ni mdogo wako. Akitembea haraka haraka, najiambia labda ni wewe. Wakinitengeneza macho, nitaona kwamba si nyinyi."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu kuhusu kazi, nauli na vibali. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfaa. Nikamwambia tu kwamba nimemsikia na kwamba inaniuma. Nililia, sikujificha, naye akaniacha nilie. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, hivi bandeji huwa wanaifungua asubuhi au jioni. Nikasema sijui, nikamuuliza kwa nini anataka kujua.

"Nikikubali," akasema, "siku hiyo awepo mtu wa kuonekana."

Nikamwambia nitakuwa nimesimama mbele yake.